Fundi Hakosei Hivi

Naftali aliitupa chenso, msumeno wake wa injini, mlangoni kwa fundi Saruni kama mtu anayetupa mzoga. Ilidunda kwenye saruji, ikabiringika, ikalala ubavu mbele ya wateja wawili waliokuwa benchini wakisubiri zamu yao. Mmoja aliondoa miguu haraka.

"Umeniulia mashine," Naftali akasema. "Na nusura uniulie mtu."

Saruni alikuwa amewapa mgongo. Alisimama kwenye meza yake ya kazi, mkononi filta ya mashine ya kukatia majani, anaipuliza vumbi. Hakugeuka. Aliigonga filta kiganjani, akarudia kupuliza, taratibu, kama mtu aliye peke yake.

"Unanipa mgongo? Saruni! Mimi unanipa mgongo?"

Nyuma ya pazia lililotenga karakana na chumba chao, Ndeshi aliacha kukata mboga. Alijua kinachoendelea hata kabla hajachungulia. Alitoka na kisu mkononi, akakikumbuka kisu, akarudi kukiweka, akaja tena mbio mbio na kumgusa mumewe begani. Hapo ndipo Saruni alipogeuka. Alimwona Naftali na uso wake ukachanua.

"Ahaa, Naftali! Karibu, karibu ndugu yangu. Mashine inaendeleaje? Inakula mti vizuri?"

Wateja wakatazamana. Kama kulikuwa na neno ambalo hakupaswa kulisema asubuhi ile, ndilo hilo.

Naftali alikuwa mtu wa Olmotonyi, kiongozi wa kikundi cha wapasua mbao, mwili wake mkubwa na hasira zake karibu. Mashine zake hakuwahi kuzipeleka kwa fundi mwingine. Alikuwa akizipitisha karakana zote za njiani mpaka afike mtaa wa Kwa Mrombo, kwa Saruni, na huko msituni alijisifu kwa hilo. Sasa alieleza yaliyotokea huku akimchoma Saruni kidole kifuani, neno kwa kidole. Eliya, mkataji wake, alikuwa ameizamisha chenso katikati ya mkaratusi mkubwa. Mashine ikapiga ukelele, ikanyamaza ghafla, ikanasa humo humo. Eliya akavuta, haitoki. Mti ukapata upepo, ukajizungusha, ukaenda upande ambao haukukusudiwa. Sasa Eliya alikuwa amelazwa, mguu umevunjika vibaya, na madaktari walikuwa hawasemi kama atatembea sawasawa tena.

Saruni aliitazama midomo ya Naftali muda wote ule. Ndeshi aliona mumewe akiokota neno hapa na neno pale, kama kuku kwenye uwanja uliofagiliwa.

"Petroli," Saruni akasema, kwa ile sauti yake ya siku hizi isiyojua mpaka. "Mmechanganya vibaya. Oili mmeweka kidogo. Mimi mashine yako niliitoa nzima."

"Petroli?" Naftali alicheka bila furaha. "Nimeipeleka Kaloleni kwa fundi Oscar. Ameifungua nikiwa nimesimama hapo hapo. Oili ilikuwepo ya kutosha. Pistoni imechubuka yote, imegandana na silinda. Unajua amekuta nini? Ile skurubu ya juu kwenye kabureta umeikaza mpaka karibu inagusa mwisho. Injini ilikuwa inakunywa hewa tupu! Oscar ananiambia, hata kijana aliyeanza kazi jana haitegeshi hivi, maana ukiikaza kiasi hicho mashine yenyewe inakupigia kelele uache. Ananiambia, fundi kama Saruni hakosei hivi. Huyu amefanya kusudi."

Aligeukia benchi ili mashahidi wasikie.

"Na sababu ninaijua. Sababu inaitwa Philemoni."

Philemoni alikuwa kaka wa Ndeshi, wa tumbo moja. Naye alikuwa na kikundi cha wapasua mbao katika msitu ule ule, na tangu masika yeye na Naftali walikuwa wakigombea kazi zile zile bila kusalimiana.

"Mashine yangu ikifa, Philemoni anakula," Naftali akaendelea. "Na mpeleka maneno ndiye huyu hapa, anayejifanya anapika."

"Shemeji, usiseme hivyo, tafadhali," Ndeshi akasema.

"Usiniite shemeji. Ijumaa tuko ofisi ya mtaa. Mtaa ukishindwa, polisi. Mtu amevunjika mguu, hili si jambo la kunywea chai."

Akaondoka, chenso akaiacha pale pale ilipolala. Mteja mmoja alisimama, akachukua mashine yake ambayo haijaguswa, akasema amekumbuka kuna mahali anasubiriwa. Wa pili alimfuata tu.

Saruni aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona ya soko. Kisha akamwinamia mkewe.

"Mwishoni alisema nini?"

*

Kutegesha kabureta ya chenso, kuipimia injini petroli na hewa, si kazi ya macho. Kuna skurubu ya chini, ya mwendo wa taratibu. Kuna ya sailensi, inayofanya mashine isizime ikiachwa bila resi. Na kuna ya juu, ya mwendo wa kasi, na hiyo ndiyo yenye roho ya injini. Ukiilegeza mno, petroli inazidi, mashine inakoroma na kutoa moshi. Ukiikaza, petroli inapungua, mlio unapanda, unakuwa mwembamba, na injini inaanza kujichoma yenyewe. Fundi anapiga resi mpaka mwisho, anasikiliza, anageuza bisibisi kidogo tu, anasikiliza tena. Kati ya kukoroma na kulia kuna mahali padogo pa kusimama. Saruni alikuwa anapafikia hata akiwa amefumba macho, na kwa hilo alijenga nyumba, akamsomesha mwanawe Lesian mpaka akapata kazi Dodoma.

Lakini kabla ya kuwa fundi alikuwa mkataji, na alikata miti miaka mingi bila kitu masikioni. Milio myembamba ilianza kumtoroka kwanza. Ndege wa alfajiri, kengele ya baiskeli, sauti za watoto. Kisha sauti ya mkewe. Hakusema hata siku moja kwamba hasikii. Alisema watu wa siku hizi wanamumunya maneno. Alisema Ndeshi anaongea akiwa amegeukia sufuria. Majirani waliwasikia wakipazana sauti asubuhi na jioni, wakasema wale wameshachokana. Kumbe mara nyingi walikuwa wanaulizana kama chumvi imetosha.

Ndeshi alijua pia jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Siku ile mashine ya Naftali ilipotegeshwa alikuwa jikoni. Mlio ulianza vizuri, ukapanda, ukaendelea kupanda mpaka mfuniko wa sufuria ukatetemeka na meno yakamkereketa. Aliacha mwiko, akaenda mpaka kwenye pazia. Alimwona Saruni ameinama, mdomo wazi kidogo, uso umekunjwa kwa kusikiliza, na mkono wenye bisibisi ukizidi kukaza. Masikioni mwake mashine ilikuwa bado inakoroma. Ule mlio mwembamba, ambao ungemwambia aache, haukuwa unamfikia.

Angeweza kumgusa bega. Lakini mwanzoni mwa masika aliwahi kufanya hivyo, akamwambia, "Baba Lesian, hiyo inalia sana," na Saruni akamjibu mbele ya wateja, "Tangu lini jiko limekuwa gereji?" Wateja walicheka sana. Mmoja alikuwa bado akimwita Mama Gereji kila alipomwona sokoni. Kwa hiyo siku ile Ndeshi aliachia pazia, akarudi kusonga ugali.

*

Kufika Ijumaa soko zima lilikuwa na habari. Muuza ndizi aliyekuwa anamwongezea Ndeshi moja kila mara, sasa alimfungia alizolipia na kumwangalia mkononi kama mtu anayeogopa kuibiwa. Mwingine akasema kwa sauti ya kutosha, "Wameru hawa, dada na kaka, wanajua kutunza ndugu zao, hata kwa mguu wa mtu." Philemoni alipigiwa simu, akasema asiingizwe kwenye mambo ya walevi na wendawazimu, akakata.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye viti vya plastiki, na watu waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa. Saruni aliketishwa mbele, akitazamana na meza. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Ndeshi aliambiwa akae nyuma, benchi la karibu na mlango, kwa kuwa naye alitajwa. Alipoona wanavyowapanga alitaka kupinga, ila hakujua aseme nini bila kusema lile la masikio.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja aitwaye Joyce, mwenye haraka, asiyependa mambo marefu. Alikuwa na tabia ya kuandika huku anauliza, kichwa chini.

Naftali alieleza. Alieleza vizuri, hata Ndeshi akajikuta anamwonea huruma Eliya upya. Kipande cha pistoni kilizungushwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na watu ambao hawajawahi kushika mashine wakakikunjia uso.

"Fundi, mashine hii uliitengeneza wewe?" mwenyekiti akauliza, kichwa kimeinuka.

"Ndiyo, mama. Kwa mkono wangu."

"Kuna mtu alikusaidia?"

"Mimi nafanya kazi peke yangu."

"Ulikuwa mzima? Hukuwa umekunywa?"

"Mimi pombe niliacha zamani. Mchungaji anajua."

Ndeshi alianza kupumua. Mwenyekiti akainama kuandika, na akiwa ameinama hivyo hivyo akauliza swali la mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Na hili la Philemoni. Ni kweli shemeji yako alikutuma uiharibu mashine ya Naftali?"

Saruni aliona kofia ya kalamu ikicheza. Aliona chumba kimetulia, kwa hiyo akajua ameulizwa kitu. Alikisia, kama alivyokuwa anakisia kila siku dukani, kanisani, mezani kwake mwenyewe. Alikisia kwamba ameulizwa kama ana hakika na kazi yake.

"Ndiyo, mama mwenyekiti," akasema kwa sauti iliyojaa chumba. "Ndiyo kabisa. Hata nikiapishwa."

Chumba kililipuka. Naftali alikuwa ameshasimama, ameinua mikono yote miwili. "Mmesikia! Amekubali kwa kinywa chake!" Mtu fulani dirishani akasema aitwe polisi sasa hivi. Saruni alitazama kushoto na kulia, tabasamu la adabu bado limemganda usoni, akijaribu kuona kama wanampongeza au vipi.

"Hasikii," Ndeshi akasema.

Hakupaza sauti. Waliokuwa karibu naye ndio waliogeuka kwanza.

"Nani hasikii?" mwenyekiti akauliza.

Ndeshi alisimama. "Mume wangu. Hasikii. Ni muda mrefu sasa. Hajui umemuuliza nini, anakisia tu. Hata haya ninayoyasema hapa, hayasikii."

Kelele zikafa. Chumba kizima kikageuka kukitazama kisogo cha Saruni. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kola ya koti imemkaa vibaya upande mmoja, akisubiri swali linalofuata. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Naftali alimsogelea kwa nyuma, akainua mikono sawa na sikio la Saruni, akapiga viganja kwa kishindo. Saruni hakushtuka. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, hata mtoto mgongoni mwa mwanamke mmoja akaanza kulia. Saruni alihisi upepo shingoni, akajikuna.

"Naftali, acha!" mwenyekiti akasema. "Huyo si ng'ombe wa mnadani."

Sasa Saruni alikuwa ameyaona macho ya watu. "Mbona mnaniangalia?" akauliza. "Amesema nini? Nani ameongea?"

Kila mmoja alimwachia mwenzake amjibu. Basi Ndeshi akapita katikati ya viti, akaja mpaka mbele ya meza, akasimama anapoonekana.

"Mimi ndiye niliyeongea," akasema, akiliumba kila neno. "Nimewaambia husikii."

Saruni aliisoma midomo yake. Ndeshi aliona neno likifika, likiingia, na rangi ikimtoka mumewe usoni. Saruni hakukana. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

Naftali akaja mbele naye, akainama mpaka pua zao zikakaribiana, ili asomwe vizuri. "Kwa hiyo mashine zetu zote hizi ulikuwa unategesha kwa kubahatisha? Watu wanaingia nazo msituni, wewe unabahatisha? Afadhali ungekuwa umetumwa. Mtu aliyetumwa angalau anajua anachofanya."

Mwenyekiti alisema hapo hapana kesi ya kusudi, na la Philemoni lifutwe, na mtu asilirudie sokoni. Alisema mengine kuhusu mguu wa Eliya na namna ya kusaidiana. Watu walikuwa wameshaanza kutoka, wana haraka ya kwenda kusimulia.

*

Njiani Saruni alitembea mbele, hatua ndefu. Walipofika nyumbani akaufunga mlango.

"Ungeniacha," akasema.

"Nikuache ufungwe?"

"Ungeniacha nifungwe! Jela ningeingia nikiwa fundi. Watu wangesema, Saruni ni mbaya, Saruni ana roho mbaya, lakini kazi anaijua. Sasa mimi ni nani? Niambie. Wewe uliyewaambia wote, niambie na mimi."

"Ulikuwa unakubali kosa ambalo hukulifanya!"

"Geuka huku ukiongea!"

"Nimekutazama!" Ndeshi alipiga kelele sasa, na safari hii majirani walikuwa na haki ya kusikiliza. "Nimekutazama usoni miaka yote hii, wewe ndiye unayeangalia pembeni! Na Eliya je? Eliya ni nani sasa? Umeshauliza hata mara moja?"

Saruni alichukua ile filta ya mashine ya majani iliyosahauliwa mezani, akaitupa ukutani. Ilikuwa nyepesi, ikaanguka bila hata kishindo, na hilo likamkasirisha zaidi. Alimwambia mkewe kwamba amemvua nguo mbele ya watu wa Kwa Mrombo wote. Alimwambia damu ni damu, kwamba amekimbilia kumtetea kaka yake kuliko mume. Alimwambia na maneno mengine ambayo mtu akishayasema hawezi kuyaokota. Kisha akaketi, akampa mgongo, na mgongo wa Saruni ulikuwa ukuta kweli kweli. Ukishageuzwa, hapana neno linalopita.

*

Eliya aliporudishwa nyumbani, Ndeshi alifunga mchele na sukari kwenye mfuko, akaenda Olmotonyi. Hakumuaga Saruni. Siku hizo hawakuwa wanaagana.

Nalepo, mke wa Eliya, alikuwa nje anafua. Alimwona mgeni akipanda njia kati ya migomba, akaendelea kufua mpaka alipofikiwa.

"Pole na mgonjwa," Ndeshi akasema.

"Umeleta nini?"

"Ni mchele kidogo tu, mdogo wangu, na sukari."

Nalepo alikausha mikono kwenye kanga, polepole. "Nasikia ulisimama mtaani ukasema mume wako ni kiziwi. Watu wanakusifu. Wanasema una moyo. Mimi nina swali moja. Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na siku ile ya mashine ya Naftali, ulikuwepo?"

Ndeshi alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa swali hilo. Angeweza kusema alikuwa sokoni. Hakuna ambaye angejua.

"Nilikuwepo. Niliisikia inalia vibaya."

"Ukafanya nini?"

"Nilirudi jikoni."

Nalepo aliuchukua ule mfuko kutoka mkononi mwa Ndeshi, karibu kwa upole, akaenda nao mpaka njiani, akauweka chini kwenye nyasi. Akarudi kwenye beseni lake.

"Upitie hapo ukiondoka," akasema.

"Nalepo." Sauti ilitoka ndani, nzito kwa dawa. "Mwache aingie."

"Aingie kufanya nini?"

"Nimesema mwache."

Eliya alikuwa amelala kitandani karibu na mlango, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti, umeinuliwa kwa mito. Alikuwa amekonda usoni. Ndeshi alisimama, hakualikwa kuketi.

"Nimesikia ulivyomjibu mke wangu," Eliya akasema. "Basi na mimi nikwambie. Mashine ile ilikuwa inalia tangu asubuhi. Mti wa kwanza tu nilijua haiko sawa, inapiga kelele kama nyuki waliochokozwa, imepata moto mpaka mpini haushikiki. Nikazima, nikamwambia Naftali. Unajua alinijibu nini? Imetoka kwa Saruni jana, hiyo. Endelea kukata."

Aliusogeza mguu juu ya mito, akivumilia maumivu.

"Na mimi nikaendelea. Nikasema moyoni, kama imetoka kwa Saruni, basi sikio langu ndilo bovu. Ingekuwa ya fundi mwingine yeyote ningeiweka chini. Mwambie hivyo. Mimi simwombei mabaya na simsamehe. Wewe mwambie tu."

Alipotoka, Nalepo hakuinua kichwa. Ndeshi aliupita mfuko wa mchele pale kwenye nyasi. Hakuuchukua.

*

Alimkuta Saruni mezani, anachambua nati za zamani kwenye kopo, kazi ambayo si kazi. Hapakuwa na mashine hata moja ya kutengeneza. Ndeshi alivuta kigoda, akakaa mbele yake kiasi kwamba asingeweza kutazama pengine, akamweleza yote. Alianza na ya kwake: pazia, mfuniko wa sufuria, kurudi jikoni. Kisha ya Eliya, neno kwa neno, na lile la "imetoka kwa Saruni" alilirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na hakika kama limesomwa.

Lilikuwa limesomwa tangu mara ya kwanza. Saruni alisimama, akaenda kujifungia uani mpaka jua likashuka. Hakumpiga, hakumtukana. Ndeshi angependelea matusi. Matusi alikuwa ameshayazoea.

Wiki ikapita, kisha nyingine. Kisha akaja Nathanael, mzee wa kanisa, mwenye shamba juu kule Sakina, na chenso imefungwa kwenye gunia. Hakuwa na habari, au alikuwa nazo na akaona ni uvumi. Ndeshi alichungulia kwenye pazia, akabaki hapo hapo.

"Shikamoo, mzee," Saruni akasema.

"Marahaba, fundi. Hii inazima zima ovyo, na ikipanda haina nguvu. Nadhani ni kabureta tu. Wewe ndiye mwenyewe."

Saruni aliifungua kutoka kwenye gunia. Alisafisha filta, akabadilisha plagi, mikono yake inakwenda haraka kama zamani, na Ndeshi akaona mabega yake yakilegea kwa raha ya kazi. Akaiwasha. Akashika bisibisi. Akapiga resi mpaka mwisho, akainama, mdomo wazi kidogo.

Bisibisi ilifika kwenye skurubu ya juu, ikakaa hapo. Mashine iliunguruma, moshi ukajaa karakana. Nathanael akakohoa. Ndeshi aliifahamu sauti ile: ilikuwa bado chini, inahitaji kukazwa kidogo, kidogo tu. Mumewe hakuhitaji kufanya zaidi ya kugeuza macho kuelekea kwenye pazia. Hakugeuza.

Saruni akaizima.

"Mzee," akasema kwa sauti yake kubwa. "Plagi nimeweka mpya na filta ni safi. Lakini kabureta sitegeshi tena. Sisikii. Nikikutegeshea nitakuumiza. Nenda Kaloleni, muulize Oscar, ni kijana lakini ana masikio."

Nathanael alibaki na gunia mkononi. Kisha akamsogelea, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "POLE SANA, FUNDI!"

"Usinipigie kelele, mzee," Saruni akasema. "Haisaidii. Mnyororo umekwisha makali, nikunolee? Hilo ninaliona kwa macho."

Mzee alifikiri, akakubali. Akaenda kumtafuta mtu sokoni wakati anasubiri. Alipotoka, Saruni aliufungua mnyororo, akaubana kwenye jiliwa, akachagua tupa. Bila kuinua uso akasema, "Najua uko hapo kwenye pazia."

Ndeshi akatoka, akaja mpaka ukingoni mwa meza.

Saruni alimtazama. Macho yalikuwa makavu, na hayakuwa na urafiki. "Umefurahi sasa?"

"Hapana," Ndeshi akasema.

Saruni aliitazama midomo yake hata baada ya neno kuisha, kama mtu anayesubiri kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Basi sogea kidogo," akasema. "Unanizibia mwanga."